Pauly: Mtaalamu wa samaki anayenukuliwa hata na wapinzani wake

JINA la Daniel Pauly si la kusikika kila siku miongoni mwa wachuuzi wa soko la samaki la Feri jijini Dar es Salaam, wala kwa wenzao wa Kirumba, Mwanza. Lakini katika vyuo vinavyofundisha sayansi ya uvuvi, si rahisi kukuta tasnifu juu ya samaki wa nchi za joto ambayo haikumtaja walau mara moja katika orodha ya marejeo.

Mtaalamu huyo wa ikolojia ya uvuvi, ambaye tangu mwaka 1994 amekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha British Columbia mjini Vancouver, Kanada, ana machapisho zaidi ya 1,000 yakiwamo makala za majarida, vitabu na sura za vitabu. Kipimo chake cha h, ambacho siku hizi hutumika kupimia uzito wa mwanasayansi, kilikwisha kupita 100.

Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kilichopo San Diego, Marekani. Mtafiti mwenye h ya 20 ni yule aliye na machapisho 20 ambayo kila moja limenukuliwa na watafiti wengine mara 20 au zaidi. Kwa hiyo mwenye h ya 100 ana machapisho 100 yaliyonukuliwa, kwa uchache, mara 10,000 kwa jumla. Wanaofika hapo katika fani ya uvuvi ni wa kuhesabika kwa vidole.

Kamati za ajira na za kupandisha vyeo vyuoni huziangalia namba hizo kana kwamba ni cheti cha ukweli wa mambo. Rekodi ya Pauly yafaa kusomwa kwa makini kwa sababu inaonyesha mambo yalivyo: baadhi ya kazi zake zinazonukuliwa mno ndizo zilizozusha ubishi mkali, na miongoni mwa wanaozinukuu wamo walioshika kalamu mahsusi kuzipinga.

Kuhesabu samaki wasio na umri

Pauly alizaliwa Paris, Ufaransa, Mei 1946, mama akiwa Mfaransa na baba askari Mmarekani mweusi. Alilelewa Uswisi, akahamia Ujerumani akiwa kijana, akasoma shule ya jioni huku akifanya kazi, hatimaye akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kiel. Amekuwa akieleza kwamba alichagua uvuvi kwa sababu alitaka taaluma ya kumpeleka katika nchi za joto, ambako aliamini angekuwa na manufaa.

Utafiti wake wa kwanza aliufanya mwaka 1971 katika wangwa wa Sakumo, pwani ya Ghana. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa Indonesia, akifuatilia meli za nyavu za kukokota. Huko ndiko alikobaini kwamba mbinu alizofundishwa Ulaya hazikufaa. Katika Bahari ya Kaskazini mtaalamu huchunguza aina chache za samaki, na kila aina ina kumbukumbu za miaka mingi. Wavu mmoja wa Indonesia ulitoa makumi ya aina kwa mkupuo, na hakuna aliyejua samaki hao wanaishi miaka mingapi.

Tatizo la umri si dogo. Samaki wa maji baridi ana kijiwe ndani ya sikio ambacho huongeza pete kila mwaka, mfano wa shina la mti, kwa sababu majira ya baridi hupunguza ukuaji wake. Katika maji ya joto, ambako tofauti ya majira ni ndogo, pete za mwaka huwa hafifu au zenye kutatanisha. Bila umri hakuna kasi ya ukuaji, na bila kasi ya ukuaji ofisa wa uvuvi hawezi kusema kama samaki wanaovuliwa ni wengi kupita kiasi.

Akiwa Manila, Ufilipino, ambako alifanya kazi katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa rasilimali za majini kuanzia mwaka 1979, Pauly alipendekeza njia ya mkato. Badala ya kusoma vijiwe, mtafiti apime urefu wa samaki wengi mwezi hadi mwezi, kisha programu ya kompyuta ifuatilie jinsi kundi la samaki wa rika moja linavyosogea kutoka urefu mmoja hadi mwingine. Vifaa vinavyohitajika sokoni ni ubao wenye rula, daftari na uvumilivu. Toleo la kwanza la programu hiyo, lililojulikana kama ELEFAN, lilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati kompyuta ndogo za mezani zilipoanza kufika katika ofisi za nchi maskini.

Kabla ya hapo, mwaka 1980, alikuwa amechapisha kanuni ya hesabu iliyotokana na takwimu za makundi 175 ya samaki. Ukijua kasi ya ukuaji wa samaki, urefu wake wa mwisho na wastani wa joto la maji anamoishi, kanuni hiyo hukadiria ni sehemu gani ya samaki hao hufa kila mwaka kwa sababu za asili, yaani pasipo kuvuliwa. (Kwa sadfa ya kuchekesha, makala hiyo ya makundi 175 inaanzia ukurasa wa 175 wa jarida.)

Hiyo ni mojawapo ya kazi zake zinazonukuliwa mno, na sababu yake ni nyepesi: kila anayeitumia kanuni hana budi kumtaja mwenyewe. Hali ndivyo ilivyo katika fani nyingine. Makala ya mwaka 1951 ya Oliver Lowry na wenzake, inayohusu namna ya kupima protini maabara, imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, ingawa haikugundua jambo lolote kubwa kuhusu uhai. Chombo cha kazi hutajwa kuliko wazo.

Lakini chombo rahisi nacho kina hatari zake. Kinachotolewa na kanuni ya Pauly ni makadirio, na watumiaji wengi wameyaandika kana kwamba ni vipimo. Mwaka 2015 kundi la watafiti lilizijaribu kanuni za aina hiyo kwa takwimu za aina zaidi ya 200 za samaki. Walipendekeza kutumia umri mkubwa kabisa wa samaki pale unapojulikana. Usipojulikana, itumike kanuni ya Pauly iliyofanyiwa marekebisho, ambayo haina tena joto la maji. Makala yao nayo, kama ada, imemnukuu Pauly.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Mwaka 1993 Pauly na Villy Christensen, mtaalamu kutoka Denmark, walihariri kitabu cha vielelezo vya nani anamla nani katika maji mbalimbali duniani, kwa kutumia programu ya Ecopath ambayo chimbuko lake ni kazi ya Jeffrey Polovina huko Hawaii mwaka 1984. Ndani yake zimo sura juu ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, ikieleza athari za sangara kwa samaki wengine, Ziwa Turkana, na Ziwa Tanganyika upande wa Burundi.

Ukurasa mmoja

Mwaka 1995 Pauly alichapisha insha ya ukurasa mmoja tu katika jarida la ikolojia. Haikuwa na jedwali wala takwimu mpya.

Hoja yake ilikuwa kwamba kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi hukichukulia kiasi cha samaki kilichokuta mwanzoni mwa kazi kuwa ndiyo hali ya kawaida. Samaki wakipungua, kizazi kinachofuata huanzia pale palipopungua, nacho hupima upotevu kutoka hapo. Kidogo kidogo kipimo cha kuanzia husogea, na hakuna anayejua kiasi halisi kilichopotea.

Kwa mfano alimtaja babu yake Christensen, mvuvi wa miaka ya 1920 katika mlango wa bahari wa Kattegat, kati ya Denmark na Sweden, ambaye alikereka kwa sababu jodari wakubwa walinasa katika nyavu zake za vibua na kuziharibu. Enzi hizo jodari huyo hakuwa na soko huko. Pauly alilalamika kwamba simulizi za aina hiyo hutupwa kwa kuwa si takwimu, ilhali mwanaanga hutumia kumbukumbu za kale za madoa ya jua bila haya.

Insha hiyo imenukuliwa maelfu ya mara, na neno lake limevuka mipaka ya uvuvi likatumika kwa misitu, ndege na hata miji. Wazo lenyewe lilijaribiwa pia. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya mahojiano na wavuvi 108 wa vizazi vitatu katika Ghuba ya California, Mexico. Wazee walitaja aina za samaki zilizoadimika mara tano zaidi ya zile walizotaja vijana, na maeneo yaliyokwisha samaki mara nne zaidi. Vijana hawakuona kama kuna kilichopotea, kwa sababu hawakuwahi kukiona.

Kwa ukanda huu wa pwani, ambako kumbukumbu za maandishi za samaki walioletwa nchi kavu kabla ya miaka ya 1950 ni chache na kumbukumbu za wazee ni nyingi, ukurasa huo mmoja una mantiki kuliko vitabu vingi vinene.

Ubishi wa ngazi za mlo

Makala iliyompa Pauly umaarufu nje ya fani ni ya Februari 1998 katika jarida la Science, aliyoiandika na Christensen, Johanne Dalsgaard, Rainer Froese na Francisco Torres. Waliwapanga viumbe wa majini kwa ngazi za mlo: mimea midogo ya majini ngazi ya 1, vijidudu vinavyoila ngazi ya 2, samaki wadogo wanaokula vijidudu hivyo ngazi ya 3, na wakubwa wanaowala wenzao ngazi ya 4 na kuendelea.

Kisha walizipitia takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) za mwaka 1950 hadi 1994, wakakuta wastani wa ngazi ya samaki waliovuliwa baharini umeshuka kwa takriban 0.1 kila miaka kumi. Tafsiri yao ilikuwa kwamba binadamu amekwisha kuwapunguza samaki wakubwa, sasa anateremka ngazi kuelekea wadogo.

Wataalamu wa FAO walijibu mwaka huohuo kwamba takwimu zao hazikukusanywa kwa kazi hiyo na kwamba mavuno hayaakisi lazima kilichomo baharini. Mwaka 2006 Timothy Essington na wenzake walionyesha kuwa mahali pengi wastani ulishuka kwa sababu uvuvi wa samaki wadogo uliongezwa, huku wakubwa wakiendelea kuvuliwa. Mwaka 2010 Trevor Branch na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba wastani unaopatikana kutokana na mavuno haufuatani na ule unaopimwa na meli za utafiti, hivyo haufai kutumiwa peke yake kupimia afya ya bahari.

Pauly hakukubali, na ameendelea kutetea hoja yake kwa mifano ya nchi mojamoja. Mtu anayesoma idadi ya nukuu bila kufungua makala zenyewe hawezi kuujua mvutano huo. Kila pingamizi liliingia katika hesabu ya Pauly kama nukuu moja, sawasawa na sifa.

Hesabu ya China

Novemba 2001 Pauly na Reg Watson walichapisha katika Nature makala iliyogusa siasa moja kwa moja. Walisema mavuno ya bahari yaliyoripotiwa na China yalikuwa makubwa kupita uwezo wa maji yake, na kwamba maofisa wa huko walikuwa na sababu ya kutia chumvi kwa kuwa kupanda kwao vyeo kulitegemea ongezeko la uzalishaji. Takwimu hizo zikisahihishwa, walisema, mavuno ya dunia yalikuwa yakipungua kwa tani 360,000 kwa mwaka tangu mwaka 1988, wakati dunia ikiamini yanaongezeka.

China ilikanusha. Hata hivyo mwaka 2008, kufuatia sensa yake ya kilimo, nchi hiyo ilipunguza takwimu zake za uzalishaji wa samaki za mwaka 2006 kwa zaidi ya asilimia 10. FAO nayo ilikuwa imezoea kuiweka China peke yake katika majedwali ya dunia.

Miaka 15 baadaye ubishi uligeuka. Januari 2016 Pauly na Dirk Zeller, kupitia mradi wa Sea Around Us ulioanzishwa mwaka 1999, walisema mavuno ya bahari duniani yalifikia kilele cha tani milioni 130 mwaka 1996, na si milioni 86 kama FAO ilivyoandika, na kwamba tangu hapo yalishuka kwa kasi kubwa kuliko ilivyoripotiwa. Tofauti ilitokana na samaki wasiohesabiwa: wanaovuliwa na wavuvi wadogo, wanaoliwa nyumbani kwa mvuvi, wanaotupwa baharini na wanaoibwa na meli zisizo na leseni.

Wataalamu wa FAO walijibu mwaka 2017 kwamba kukadiria pasipo na takwimu kuna mashaka yake, na kwamba makadirio yasichanganywe na taarifa rasmi za nchi. Jibu la Pauly ni kwamba nchi inapoacha nafasi tupu katika fomu, dunia husoma sifuri, na sifuri ndilo kadirio baya kuliko yote. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa haimwondolei mzigo wa kuonyesha kila makadirio yametoka wapi.

Tanzania ni mfano mmojawapo. Mwaka 2007 Jennifer Jacquet na Zeller walichapisha ripoti iliyokusanya upya takwimu za samaki wa baharini wa Jamhuri ya Muungano tangu mwaka 1950. Waligundua kwamba kwa miaka mingi takwimu zilizoonekana Rome chini ya jina la Tanzania hazikujumuisha samaki waliovuliwa Zanzibar. Uvuvi si jambo la Muungano. Kila upande una idara yake na daftari lake, na daftari la Visiwani halikufika lilikotakiwa.

Kwa hiyo changu na nguru waliovuliwa Nungwi, Mkokotoni au Wete walikuwapo madikoni na katika sahani za watu, lakini hawakuwapo katika jedwali ambalo wafadhili, wapangaji wa bajeti na wajumbe wa mikataba ya uvuvi hulisoma. Wavuvi wasio na samaki katika jedwali ni vigumu kutetewa pale meli za kigeni zinapoomba leseni.

Namba zinavyopaswa kusomwa

Msomaji anayetaka kuilinganisha rekodi ya Pauly na ya mwingine hana budi kujua hesabu imefanywa wapi. Kazi ya kuorodhesha nani kamnukuu nani ilianzishwa na Eugene Garfield wa Philadelphia, Marekani, ambaye faharasa yake ilitoka mwaka 1964 na ilihusu majarida teule tu. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, huhesabu pia vitabu, tasnifu na ripoti za mashirika. Mtafiti mmoja aweza kuwa na h mbili zinazotofautiana sana siku hiyohiyo.

Aidha, sehemu ya nukuu za Pauly inatokana na FishBase, hazina ya taarifa za samaki aliyoianzisha na Froese, ambayo iliingia kwenye intaneti mwaka 1996 na sasa ina zaidi ya aina 30,000 za samaki pamoja na majina yao katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Mwanafunzi anayeingia humo kuhakiki jina la kisayansi la tasi huwataja wahariri wake wawili, na hapo nukuu imeongezeka bila mtu kusoma hoja yoyote ya Pauly.

Lipo pia suala la ushirika. Makala ya mwaka 1998 ina waandishi watano, na kila mmoja hupata nukuu zote, si sehemu ya tano.

Mjadala mpya unahusu nadharia yake kwamba samaki hudumaa maji yanapopata joto, kwa kuwa matamvua hayakui kwa kasi ya mwili na hewa ya oksijeni haitoshi. Mwaka 2017 wanafiziolojia Sjannie Lefevre, David McKenzie na Göran Nilsson waliipinga wakisema matamvua yanaweza kukua kadiri ya mahitaji. Pauly alijibu, nao wakajibu. Nukuu zinapanda pande zote mbili.

Tuzo hazikuchelewa kwa sababu ya ubishi. Alipewa tuzo ya Cosmos ya Japan mwaka 2005 na ya mazingira ya Volvo mwaka 2006. Mwaka 2023 alishinda tuzo ya Tyler pamoja na Rashid Sumaila, mchumi wa uvuvi mzaliwa wa Nigeria ambaye wanafanya kazi chuo kimoja, na ambaye amejulikana kwa kukokotoa ruzuku ambazo serikali huzipa meli za uvuvi.

Ama ripoti ile ya mwaka 2007 kuhusu Tanzania, ilitoka katika mfululizo wa ripoti za kituo chao cha Vancouver, usiomo katika faharasa ya majarida teule. Katika mizani hiyo haina uzito. Lakini ripoti za aina yake, nchi baada ya nchi, ndizo zilizojumlishwa kupata tani milioni 130 za makala ya mwaka 2016, ambayo ilitoka katika jarida linalohesabiwa, na ambayo ndiyo inayonukuliwa.